Msingi wa Futi Tatu

Karatasi ilisema nyumba yangu haina msingi.

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya Bwana Fulgensi, mthamini wa kampuni iliyojiita Mizani, katika chumba walichokodi karibu na soko la Ifakara. Ilikuwa Julai mwaka 1996. Nyumba kumi na moja za mtaa wetu zilikuwa zibomolewe ili mfanyabiashara mmoja kutoka Dar es Salaam ajenge ghala na mashine kubwa ya kukoboa mpunga. Sisi wenye nyumba tungelipwa fidia. Hatukupinga ghala. Mtu anayelima mpunga hawezi kulichukia ghala. Tulichotaka ni kulipwa nyumba kwa thamani yake, ili kila mmoja akajenge nyingine mahali pengine. Kazi ya kuitaja thamani hiyo ilikuwa ya Bwana Fulgensi, naye alikuwa ameshaitaja.

Nilivaa miwani, nikasoma kimoyomoyo. Kisha nikasoma kwa sauti, maana nilitaka naye asikie alichoandika.

“Kibanda cha miti na udongo. Vyumba viwili. Hakina mlango. Hakikaliwi. Hakina msingi.” Nikamtazama. “Bwana Fulgensi, hii ni nyumba ya nani?”

“Yako, mzee. Jina lako liko hapo juu.”

“Jina ni langu. Nyumba si yangu.”

Makarani wake wawili wakacheka. Mmoja akamwambia mwenzake, bila kujali kama nasikia, “Mzee alisoma ngumbaru huyu. Wakijua kusoma wanasumbua!”

Sikuona aibu. Ni kweli nilisoma ngumbaru. Nilikuwa mwashi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu kwa miaka kumi na tisa, nikijenga nyumba za wafanyakazi, na nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minane. Tulikuwa watu wa kila kabila, Wapogoro, Wandamba, Wasukuma, Wahehe, tumejazana chini ya karabai moja na mikono bado ina saruji. Nilijifunza kusoma, kisha hesabu za eneo, kisha kuandika barua. Nilipostaafu nilirudi Ifakara nikiwa na vitu viwili nilivyovithamini, cheti changu na mwiko wangu. Nyumba nilikuwa nimeianza mwaka 1979, nikaimaliza kwa likizo tatu mfululizo.

“Nyumba yangu ina vyumba vinne na sebule,” nikamwambia. “Ni ya matofali ya kuchoma, nimeipiga plasta nje na ndani. Kijana wangu, uliingia?”

“Nilikuta hakuna mtu wa kunifungulia.”

“Umeandika haina mlango. Ulikosa mtu wa kukufungulia nini?”

Safari hii makarani walimcheka bosi wao. Bwana Fulgensi hakucheka. Akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, “Mzee, mthamini anaandika anachokiona. Mimi nimeona nyumba imeachwa, majani yamefika dirishani. Na tena mmeridhia wenyewe. Tazama chini, saini hii hapa.”

Nikatazama chini. Pale palikuwa na jina la mke wangu, Paskalina, kwa mwandiko wake mkubwa wa mviringo ninaoujua kuliko ninavyoujua wangu, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

Niliomba nakala yangu, nikaikunja, nikaenda zangu.

Ni lazima nieleze habari ya mlango. Mpunga wetu hauko mjini. Uko bondeni, wengine Michenga, wengine mbali zaidi ng'ambo ya mto kuelekea Malinyi. Mvua za kwanza zikianza, familia nzima inahama na sufuria, kuku, mbegu na chandarua. Tunaishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji na nguruwe pori wasitufikie, tukipalilia na kufukuza ndege mpaka tuvune. Kwa miezi sita mtaa wetu unabaki mtupu. Na mwenye mlango mzuri huung'oa kwenye bawaba akaenda nao shamba, maana mlango wa mvule ukiuacha mjini hutaukuta. Wangu huufunga ubavuni mwa baiskeli, nikaisukuma baiskeli hadi Michenga, na nafasi yake naiziba kwa matete. Kwa hiyo mgeni akipita kwetu Februari ataona magofu. Mwenyeji anaona watu wako shamba.

Bwana Fulgensi hakuwa mgeni kiasi hicho. Alikuwa amefika mara ya kwanza Disemba, tukiwa bado tupo, akanywa chai kwetu, akauliza tunahama lini na tunarudi lini. Kisha akaja kupima Februari.

Nyumbani nilimkuta Paskalina uani akipepeta mchele. Niliweka karatasi mbele yake.

“Mama Dionisi, saini hii ni yako?”

Akaitazama kwa furaha kidogo, kabla hajauona uso wangu. “Yangu. Wewe ulikuwa umeenda Idete kwenye msiba wa shemeji. Walikuja vijana wawili wa mthamini, wakasema tusaini mapema kwa kuwa tunahama, tukichelewa tutarukwa kwenye fidia. Majirani wote waliweka dole gumba. Mimi nikawaambia naandika.”

“Palikuwa pameandikwa nini?”

“Hapakuwa na kitu. Mistari tu.” Kisha akasema polepole, “Yule kijana alisema, mama, una mwandiko mzuri.”

Nilipandisha sauti. Sitaficha hilo. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mwenzake wa miaka thelathini na mitano. Niliuliza ni mtu gani mwenye akili anayetia saini kwenye karatasi tupu.

Aliuweka ungo chini.

“Baba Dionisi, ulinifundisha nini mimi? Jina langu na tarehe. Nikajua jina, ukafurahi, ukawaonyesha wageni. Niliposema tuendelee ulisema mwakani. Ni mwaka gani huo? Mimi niliandika ninachokijua.”

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikaichukua tena ile karatasi, angalau nipate pa kutazama. Hapo ndipo nilipoona kitu nilichokipita mara mbili. Kando ya jina lake alikuwa ameandika tarehe, kama nilivyomfundisha: 14/12/95. Na juu, kwa taipureta, palisomeka: “Nyumba ilikaguliwa tarehe 23 Februari 1996 mbele ya mmiliki, naye ameridhia maelezo haya.”

“Paskalina,” nikamwambia, “umeridhia Disemba kilichoonekana Februari.”

“Mimi si mganga,” akasema, bado ana hasira.

“Ndivyo nitakavyoandika.”

Kesho yake nilianza kupima. Nilichukua futi kamba yangu ya chuma na daftari, nikapima nyumba yangu nje na ndani, urefu, upana, kimo cha ukuta. Kisha nikapita kwa majirani na kuwaomba nakala zao. Wengi walizitoa upesi, maana hawakuwa wamezisoma. Nilizisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwa kila mmoja. Nyumba ya Bi Rabia, yenye bati jipya, imeandikwa nyasi. Nyumba ya Mayunga, vyumba vitano, imeandikwa viwili. Nyumba nane zilikuwa “hazikaliwi”. Kila niliposoma, mwenye nyumba alitazama paa lake mwenyewe kana kwamba ana mashaka nalo.

“Fundi, labda ndiyo bei za serikali,” Mayunga akaniambia.

“Bei sijaifikia. Nazungumzia bati. Hili ni bati au nyasi?”

“Bati.”

“Basi sema bati. Usiseme labda.”

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Joachim.

Joachim ni mtu niliyekua naye. Mwaka 1979 hapakuwa na jiwe hata moja Ifakara la kujengea, maana ardhi yetu ni udongo wa mto mtupu, mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Watu wengi hujenga juu ya udongo huo huo, na baada ya miaka mitano ukuta una ufa wa kupitisha mkono. Mimi nilisema sitajenga hivyo. Nilikodi trekta likaleta mawe kutoka chini ya milima, tela nne, na Joachim alikuwa pamoja nami juu ya yale mawe siku zote nne. Tuliyashusha kwa mikono. Kidole chake kimoja hadi leo hakikunjiki.

Alinipokea vizuri. Nilipomwomba karatasi akasita, kisha akaitoa chini ya godoro.

“Matofali ya kuchoma,” nikasoma. “Msingi wa mawe. Bati nzito. Sakafu ya saruji. Vyumba sita.” Nikaivua miwani. “Joachim.”

“Bwana wee, usianze.”

“Nyumba hii ni ya miti na udongo. Plasta nilipiga mimi mwaka 1988. Vyumba ni vitatu.”

“Ndiyo bahati yangu. Mthamini ameona hivyo.”

“Mthamini ameona nini? Ameona magunia mangapi?”

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. “Mawili. Mchele mzuri, si chenga. Na wewe ungepeleka, ungeandikiwa ghorofa. Tatizo lako kiburi, Evodius. Unataka kila kitu kiwe kwa haki, kwa maandishi, kwa futi kamba. Andika barua yako, tutakuunga mkono. Ila yangu iache.”

“Nikiiacha yako, barua yangu itakuwa na kengeza.”

“Yaani utanichoma mimi?”

“Nitaandika nyumba kumi na moja kama zilivyo. Yako ni ya kumi na moja.”

Alinyosha mkono akaichukua karatasi yake. Alisema, “Kile kidole changu ulikisahau.” Lakini nilikuwa nimeshaisoma, na nikiisoma karatasi mara moja inabaki kichwani.

Barua niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na matusi, nikaichana. Ya pili ilikuwa na historia ya maisha yangu, nikaichana. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisema, andika ulichokiona, kisha andika unachotaka, kisha acha. Niliandika kwa ofisi ya ardhi ya mkoa, Morogoro, kwamba saini na dole gumba zote kumi na moja zina tarehe ya Disemba au hazina tarehe, ilhali ukaguzi ni wa Februari. Kwamba Februari wakazi walikuwa shamba na mthamini alijua. Kwamba nyumba kumi zimeshushwa na moja imepandishwa. Nikaweka vipimo vyangu nyumba kwa nyumba. Mwisho nikaandika: tunaomba mthamini mwingine, wenyewe tukiwepo. Nikaipeleka posta, nikaomba itumwe kwa rejista, nikatunza stakabadhi pamoja na cheti changu.

Wiki mbili zilipita. Mtu wa posta alikuwa ameongea, nadhani, maana jioni moja kabla ya jua kuzama Bwana Fulgensi alikuja kwetu peke yake. Alisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi, akakataa chai.

“Mzee, nimesikia umeandika. Si vizuri. Mambo haya yanaongeleka.”

“Ongea.”

“Nimeipitia upya fomu yako. Naona tuliteleza. Naweza kuandika matofali ya kuchoma. Vyumba vinne. Hata msingi naweza kuweka.”

“Umeshauona?”

“Si lazima niuone. Nakuamini, wewe ni fundi.”

Paskalina alikuwa amesimama mlangoni. Nilijua anasikiliza kwa sababu ufagio ulikuwa umenyamaza. Sitasema sikushawishika. Bei iliyokuwa kwenye ile karatasi isingetosha hata bati za jikoni, na mimi nilikuwa na miaka sitini na minne. Nguvu za kujenga nyumba nyingine sikuwa nazo, labda za kusimamia tu. Neno moja kwenye benchi lile lingenipa nyumba yangu yote. Na Bi Rabia angebaki na nyasi zake za karatasi.

“Bwana Fulgensi,” nikamwambia, “Ofisini ulisema unaandika unachokiona. Leo unaniandikia msingi usiouona. Kama nyumba inaweza kukua hapa kwenye benchi, basi haikupimwa kabisa.”

“Mzee, watu wakubwa wanataka ghala lianze. Utawachelewesha, na watakumaliza. Hata majirani zako watakuchoka.”

“Wameshaanza,” nikasema. “Karibu tena.”

Akaondoka bila kuaga. Paskalina akatoka, akaketi pale alipokuwa ameketi yule bwana.

“Afisa akija kutoka Morogoro,” akasema, “saini ataniuliza mimi au wewe?”

“Nitajibu mimi.”

“Hapana. Aliyeandika ni mimi.”

Afisa alikuja mwishoni mwa Agosti. Alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Noela, amevaa raba na amebeba faili moja tu. Bwana Fulgensi alikuja naye, na nyuma yao mtaa mzima. Joachim alisimama mlangoni kwake, hakusogea.

“Nani Evodius?” afisa akauliza.

“Mimi, mheshimiwa.”

“Shikamoo. Barua yako imenifanya nisilale kwenye basi.” Sikujua kama ni sifa au lawama. Akageukia kundi. “Nani Paskalina?”

Mke wangu akasogea mbele. Alikuwa amevaa khanga mpya kama anaenda kanisani.

“Mama, hii saini ni yako?”

“Yangu.”

“Fomu ilikuwa imejazwa uliposaini?”

“Ilikuwa tupu. Nilijua kuandika jina tu, basi nikaandika. Nilikosea.” Watu walinong'ona, na sauti ya kijana mmoja ikasema kitu kuhusu wake za wasomi. Paskalina akageuka. “Wewe unayecheka, mama yako aliweka dole gumba kwenye hiyo hiyo. Mwambie na yeye aseme.”

Mama huyo akasema. Bi Rabia akasema. Mayunga, baada ya kukohoa mara tatu, akasema. Noela aliandika yote. Kisha Bwana Fulgensi akaomba nafasi, akazungumza vizuri kama wakili.

“Mheshimiwa, tukubali kulikuwa na makosa ya makarani kuhusu tarehe. Lakini tazama barua ya huyu mzee. Anadai msingi wa mawe wa futi tatu. Ifakara! Mawe yako wapi? Hapa watu wanajenga juu ya udongo, kila mtu anajua. Kama amedanganya msingi, amedanganya na mengine. Huo msingi nani ameuona?”

Watu wawili tu walikuwa wameuona ule msingi. Mmoja ni mimi. Nikamtazama mwingine kule mlangoni kwake. Joachim akaitazama mikono yake.

Nikaingia ndani nikachukua sururu.

“Evodius, unafanya nini?” Paskalina akauliza.

“Namwonyesha.”

Nilianza kwenye kona ya mashariki, karibu na ukuta kabisa. Ardhi ilikuwa kavu kama sahani, na sururu ilirudi mkononi kila nilipopiga. Watu wakasogea. Bwana Fulgensi akacheka kwa pua.

“Mzee, ukichimba kona nyumba itaanguka.”

“Ikianguka, itaanguka ikiwa na thamani yake.”

“Mheshimiwa, mzuieni, ataumia.”

“Mwacheni,” Noela akasema.

Mgongo wangu haukuwa mgongo wa 1979. Nilipofika kimo cha kifundo cha mguu nilisimama kuvuta pumzi, na Mayunga akaruka ndani bila kuitwa, akaishika sururu. Mimi nikashika chepe nikawa natoa udongo. Futi moja, udongo na tofali za chini ya ukuta. Futi moja na nusu, udongo mweusi zaidi. Bwana Fulgensi akaanza kumwambia afisa habari za basi la kurudi. Kisha sururu ya Mayunga ikalia.

Fundi anaijua sauti hiyo. Chuma kikigonga jiwe, kifua chake kinaisikia kabla ya sikio.

Nilimwomba apande, nikapiga magoti shimoni, nikafuta kwa viganja. Jiwe la kwanza lilitokeza, la kijivu, na chokaa kati yake na la pili bado imeshika kama jana. Niliendelea kufuta na kuchimba pembeni hadi tulipofika chini kabisa. Mawe manne juu ya mawe manne, yote yamelala sawa, hakuna ufa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijayaona kwa miaka kumi na saba. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyonilazimu.

“Umeona?” nikamwuliza Bwana Fulgensi kutoka shimoni. “Sasa andika unachokiona.”

Watu walipiga vigelegele, lakini Noela hakungoja viishe. Alikuwa ameishika barua yangu.

“Mzee, umeandika pia kuna nyumba moja imepandishwa. Nionyeshe ni ipi.”

Hilo lilikuwa gumu kuliko sururu. Nilipanda kutoka shimoni, nikajipangusa magoti. Nilikuwa nimeshaliandika, na nililoliandika kwa karatasi singeweza kulimeza kwa mdomo.

“Ile,” nikasema, nikainyoshea mkono nyumba ya Joachim.

Tukaenda. Noela akaniuliza naitambuaje. Nikamwonyesha: ukuta wa tofali la kuchoma ukiugonga kwa jiwe unalia, wa udongo unanyamaza. Akaokota jiwe akagonga mwenyewe. Ukuta ukanyamaza, na pale alipogonga kipande cha plasta kikabanduka, kikaanguka kwenye raba zake. Nyuma yake ulionekana udongo na ufito umeliwa na mchwa.

“Evodius,” Joachim akasema taratibu, “umenivua nguo mbele ya watu.”

“Nguo hiyo nilikushonea mimi mwenyewe, Joachim. Na mvua ikija nitakushonea tena. Lakini sikuishona ili mtu aiuze kama ngozi.”

Akaingia ndani akafunga mlango. Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo. Tunasalimiana kanisani, kwa kuwa padri anatutazama.

Noela aliandika palepale, juu ya benchi langu, kwamba uthamini wote umefutwa, nyumba kumi na moja zitapimwa upya na mtu mwingine mbele ya wenyewe, na jina la Bwana Fulgensi litapelekwa kwa wanaowasajili wathamini. Alitusomea kabla ya kutia saini yake. Bwana Fulgensi alifunga mkoba wake, akaniambia, “Haya mzee, umeshinda. Fukia shimo lako, mbuzi wataanguka.”

“Shimo halifukiwi.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka aje mwenye futi kamba.”

Nililiwekea fito kuzunguka. Septemba yote lilikaa wazi. Padri alinishauri nilifukie. Mwenyekiti wa mtaa alinishauri. Mfanyabiashara mwenyewe alituma mtu kuniambia mthamini mpya ameshaarifiwa, atachukua vipimo vilivyomo kwenye barua, hakuna haja ya shimo. Nilimjibu kwamba vipimo vya kwenye barua ni vyangu, na mimi ndiye ninayelipwa. Paskalina aliniletea kiti nikawa nakaa hapo jioni, naye hukaa na daftari lake na kunisomea silabi kwa silabi, akinigombeza nikimsaidia kabla hajaniomba.

Nyumba ile haipo tena. Ilibomolewa mwaka uliofuata kama ilivyopangwa, na kwa fidia yake tulijenga hii tunayokaa sasa, ng'ambo ya pili ya mji. Bi Rabia alijenga, Mayunga alijenga. Joachim alilipwa nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu, kwa haki, na alijenga ya udongo yenye vyumba vitatu. Wapo wanaosema nilimwonea. Wakija kuniambia, nawauliza ni neno gani nililoandika ambalo halikuwepo ukutani.

Mthamini mpya alikuja Oktoba ile ya 1996. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linameta. Alipima vyumba, akahesabu bati, akaukagua mlango wangu wa mvule, ambao safari hii ulikuwa kwenye bawaba zake. Alifanya kazi nzuri. Mwisho akafika kwenye shimo, akainama akachungulia, akaandika kitu.

“Umeandika nini?” nikauliza.

“Msingi wa mawe, mzee. Nauona.”

“Kina?”

“Kama futi tatu hivi.”

“Hivi?” nikasema. “Shuka upime.”

Akalitazama shimo. Akaitazama suruali yake. Majirani walikuwa wamesimama, hakuna aliyecheka. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya fito, akakunja suruali, akashuka. Alikandamiza ncha ya futi kamba chini kwenye jiwe la mwisho na kuivuta juu hadi linapoanzia tofali.

“Futi tatu na inchi mbili,” akasema.

Nilifungua daftari langu, nikatafuta ukurasa wa nyumba yangu, nikashika kalamu.

“Rudia,” nikamwambia.

Akapima tena.